Mzee Funakoshi, Mwalimu wa Mikono Mitupu

Si ajabu siku hizi kumwona askari, baada ya gwaride la asubuhi, amevua buti na kusimama juu ya nyasi miguu mitupu, akirusha ngumi na mateke hewani kwa hesabu. Elimu hiyo yaitwa karate. Wengi waijua kwa sinema, ambamo mtu mmoja huwaangusha watu ishirini bila hata nywele zake kutimka. Wachache wajua kwamba mtu aliyeitoa karate katika kisiwa chake kidogo na kuifikisha katika mji mkuu wa Japani alikuwa mwalimu wa shule ya watoto, mfupi wa kimo, mpole wa maneno, mpenda mashairi, na kwamba fundisho lake kuu lilikuwa hili: mwenye ujuzi huo hana ruhusa ya kuanza kupiga.

Tumeona vema leo tuwasimulie wasomaji wetu, hasa ndugu zetu wa jeshi na polisi, maisha ya mzee huyo, Gichin Funakoshi. Askari amekabidhiwa nguvu na wananchi wenzake. Namna ya kuitumia nguvu hiyo hufundishwa katika miezi michache ya ukuruti. Namna ya kuizuia huenda ikamchukua umri wake wote. Funakoshi alijifunza jambo hilo la pili mpaka akakaribia umri wa miaka 80, na hata hapo alijiona hajahitimu.

MTOTO ALIYEDHANIWA HATAISHI

Funakoshi alizaliwa mwaka 1868 katika mji wa Shuri, kisiwani Okinawa. Okinawa ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika safu ya visiwa vya Ryukyu, vilivyotandazwa baharini kati ya Japani na Taiwan. Zamani visiwa hivyo vilikuwa na ufalme wake, na Shuri ndiyo iliyokuwa makao ya mfalme. Mwaka 1609 majeshi ya ukoo wa Satsuma, kutoka kusini mwa Japani, yaliushinda ufalme huo. Mfalme akaachwa katika kiti chake, lakini chini ya mkono wa wageni. Mwaka 1879, Funakoshi akiwa mtoto wa miaka kumi, serikali ya Japani ilimwondoa mfalme wa mwisho na kuvifanya visiwa hivyo kuwa mkoa wake.

Watu wa Okinawa walikuwa na namna yao ya kupigana bila silaha, nao waliiita te, maana yake mkono. Kwa kuwa merikebu zao zilifanya biashara na China kwa karne nyingi, elimu hiyo ilichanganyika na ngumi za Kichina. Haikufundishwa hadharani. Mwalimu aliwarithisha wanafunzi wawili watatu aliowaamini, tena usiku, ndani ya ua, majirani wasijue.

Mtoto Gichin alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Jamaa zake walikuwa wa tabaka la watumishi wa mfalme, lakini mali ilikuwa imekwisha waponyoka. Wazee walimtazama mtoto wakaona hataishi sana. Akapelekwa kulelewa na babu na bibi yake wazaa mama, na babu huyo akamfundisha maandiko ya kale ya Kichina. Alipoingia shule alifanya urafiki na mtoto wa bwana mmoja mwenye cheo, Anko Azato, aliyekuwa stadi wa upanga, wa upinde, wa kupanda farasi na wa te. Kijana dhaifu akaanza kwenda kwa baba wa rafiki yake kujifunza. Miaka michache ilipopita alijiona afya imemrudia. Tangu hapo hakuiacha karate mpaka kufa.

USIKU KATIKA UA WA AZATO

Safari ya kwenda kwa mwalimu ilikuwa ya usiku, njia nyeusi, taa ya mkononi ikimmulikia hatua chache tu. Alirudi alfajiri. Majirani waliomwona akiingia nyumbani wakati wa jogoo kuwika walijiuliza kijana huyu hulala wapi, na baadhi yao wakaamua moyoni kwamba lazima huenda katika nyumba za wanawake wabaya. Alivumilia uvumi huo, maana siri ya mwalimu haikuwa yake kuitoa.

Na alijifunza nini usiku kucha? Alijifunza kata moja. Neno hili lisituchanganye na kata yetu ya kutekea maji, wala kata ya utawala. Kata ya Kijapani ni mfuatano wa mapigo, makingo na hatua uliopangwa tangu zamani, ambao mwanafunzi huufanya peke yake kana kwamba amezungukwa na maadui. Funakoshi alifanya kata hiyo moja uani, tena na tena, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi. Azato aliketi barazani, mgongo umenyooka, akimwamuru arudie. Sifa zilikuwa haba. Mpaka mwalimu aridhike, hapakuwa na ruhusa ya kugusa kata nyingine. Kata tatu za kundi liitwalo Naihanchi zilimchukua Funakoshi miaka kumi.

Msingi wa kata ni namna ya kusimama, na hapo ndipo wengi wetu huanza kukosea kwa kuiwahi ngumi. Katika kusimama kwa mbele, goti la mguu wa mbele hupinda, mguu wa nyuma hunyooka, na uzito huelemea mbele kidogo. Ngumi itokapo hapo, nguvu yake hupanda kutoka ardhini kwa kisigino cha nyuma. Katika kusimama kwa nyuma, uzito mwingi hukaa juu ya mguu wa nyuma, na wa mbele hubaki mwepesi, tayari kuinuka. Katika kusimama kwa mpanda farasi, miguu hupanuliwa, magoti hupinda na kusukumwa nje kidogo, kiuno hushuka, mgongo hubaki wima, kama mtu aliyekalia farasi asiyeonekana. Mwanafunzi akikaa hivyo kwa dakika chache tu, mapaja huwaka moto na uso hukunjamana. Walimu wa kale walimwacha hapo kwa muda mrefu, kwa sababu uvumilivu nao ulikuwa sehemu ya somo.

Yasimuliwa kwamba siku moja tufani kubwa iliipiga Shuri. Watu wote walijifungia ndani. Funakoshi, kijana bado, alipanda juu ya paa la nyumba yake akiwa karibu uchi, akashika kwa mikono miwili mkeka mnene wa Kijapani uitwao tatami, akasimama kama mpanda farasi akiuelekeza mkeka kwenye upepo. Tufani ilimwangusha chini matopeni. Akapanda tena. Upepo ukamwangusha tena, naye akarudi juu. Upepo haukushindwa, lakini yeye alijua nguvu ya miguu yake imefika wapi.

Azato alimpeleka pia kwa rafiki yake, Anko Itosu. Mabwana hao wawili walikuwa wanafunzi wa mwalimu mmoja, Sokon Matsumura, lakini hawakufanana. Azato, mrefu, aliona mikono na miguu ya mtu aliyehitimu karate ni kama panga, usikubali zikuguse. Itosu, mwenye kifua cha pipa, aliona mwili ukikomaa vya kutosha waweza kulipokea pigo lisilo la hatari na kuendelea. Hawakugombana kwa tofauti hiyo, wala Funakoshi hakulazimishwa kuchagua. Baadaye, watu walipoanza kubishana mtindo upi ni bora, aliwakumbuka wazee hao.

SHUNGI LA NYWELE NA KAZI YA UALIMU

Funakoshi alitaka kuwa tabibu, na mtihani wa kuingia chuo cha utabibu huko Tokyo aliushinda. Hata hivyo hakuingia, kwa sababu ya shungi la nywele. Wanaume wa tabaka lake walifunga nywele utosini kuonyesha heshima yao, lakini serikali mpya ya Japani ilitaka vijana wazikate, na chuo hakikupokea mwenye shungi. Wazazi wake walikuwa washika mila wakali. Basi udaktari ukapita.

Mwaka 1888 alipata kazi ya mwalimu msaidizi katika shule ya msingi, na huko nako walimu walikatazwa shungi. Safari hii alilikata. Alipofika nyumbani kichwa wazi, mama yake alikataa hata kumtazama, na baba yake akaghadhibika. Lakini nywele zilikuwa zimekwisha anguka, na Funakoshi akawa mwalimu kwa zaidi ya miaka 30. Mshahara wa mwanzo ulikuwa yen 3 kwa mwezi, nao uliwalisha wazazi, babu na bibi, mke na watoto. Mkewe alilima mboga na kufuma nguo ili mumewe asiache kwenda kwa walimu wake usiku. Mama huyo mwenyewe alizifahamu kata kwa kuzitazama na kuzifanya.

Kisa kimoja cha miaka hiyo chatufaa sana. Jioni moja Funakoshi alikuwa akienda kwa wakwe zake, amechukua maandazi ya kutolea sadaka kwa wahenga. Njiani, msituni, watu wawili walimzuia wakadai fedha, kisha tumbaku. Hakuwa na kimojawapo. Mmoja akainua fimbo. Funakoshi wakati huo alikuwa na miaka mingi ya mazoezi, na vijana wale hawakujua ni nani waliyemsimamisha. Aliwapa maandazi yote, akaenda zake mikono mitupu.

Baada ya siku chache aliwaeleza walimu wake. Itosu alifurahi kuliko angeliambiwa wezi wamelala chini mifupa imevunjika. Aliona saa zake za kumfundisha hazikupotea bure. Azato aliuliza ni kitu gani basi kilichotolewa sadaka kwa wahenga. Funakoshi akajibu kwamba alitoa sala ya moyo tu. Mzee akaridhika, akaona kwamba sasa mwanafunzi wake ameielewa karate.

KUTOKA UANI HADI UWANJANI

Siri haikukaa milele. Japani ilipoanza kuwaandikisha vijana wa Okinawa jeshini, madaktari waliowapima waliwaona wengine wamejengeka mwili kupita wenzao, na walipouliza waliambiwa ni kazi ya karate. Mwanzoni mwa karne ya 20 elimu hiyo ikaruhusiwa kuingia shuleni. Itosu alitunga kata tano fupi kwa ajili ya wanafunzi, akaziita Pinan.

Hapa wasomaji wetu wa jeshi watapenda kujua jambo moja. Miongoni mwa wanafunzi wa Itosu alikuwako Kentsu Yabu, mmoja wa vijana wa kwanza wa Okinawa kuingia jeshi la Japani, aliyerudi akiitwa Sajini maisha yake yote. Alipofundisha karate katika chuo cha ualimu, alifundisha kama alivyofunzwa kambini: wanafunzi kwa mistari, amri moja, hesabu moja, wote wakisogea pamoja. Zamani mwalimu alikuwa na wanafunzi wawili uani, na kila mmoja alirekebishwa kwa namna yake. Darasa la mistari ambalo leo laonekana desturi ya kale lina harufu ya gwaride ndani yake.

Mwaka 1921 Mwana wa Mfalme wa Japani, Hirohito, alipita Okinawa akielekea Ulaya, na katika jumba la wafalme la Shuri alionyeshwa karate. Aliyewaongoza waonyeshaji alikuwa Funakoshi. Mwaka uliofuata Wizara ya Elimu iliandaa maonyesho ya michezo Tokyo, na watu wa Okinawa wakamtuma yeye. Alikuwa na miaka 53. Alidhani anakwenda kwa wiki chache.

MWALIMU MWENYE UFAGIO

Baada ya maonyesho alikuwa tayari kufunga mizigo, ndipo Jigoro Kano alipomwita. Kano alikuwa mwasisi wa judo na mtu mwenye sauti katika elimu ya nchi ile. Alimwomba aonyeshe kata katika jumba lake la Kodokan. Funakoshi alitazamia watu wachache, akakuta zaidi ya mia wanangoja. Kano alimwomba akae kidogo amfundishe, na wengine nao wakamwomba. Akakaa. Hakurudi tena kuishi Okinawa.

Mkewe hakumfuata. Alipoandikiwa aje Tokyo, mama yule alijibu kwamba makaburi na madhabahu ya wahenga hayana mwingine wa kuyatunza, akamtaka mumewe afanye kazi yake kwa moyo mmoja. Waliishi hivyo, bahari kati yao, kwa zaidi ya miaka 20. Tukiisifu karate ilivyoenea, tusisahau kwamba sehemu ya gharama ililipwa na mwanamke huyo.

Fedha hakuwa nazo. Alipewa chumba kidogo katika bweni la wanafunzi wa Okinawa, naye kwa malipo akawa mlinzi wa nyumba: alifagia ua, alisafisha vyumba, alitunza bustani, na saa za jioni alifundisha karate katika ukumbi wa bweni. Siku moja mwandishi wa gazeti alikuja akamkuta mzee anafagia, akamwuliza mwalimu Funakoshi yuko wapi. Mzee akamwomba angoje, akaingia ndani, akabadili nguo, akatoka kumkaribisha mgeni. Mwandishi alishangaa kuona ni yule yule mwenye ufagio. Njaa ilipomzidi alipeleka kofia yake na vazi lake kuukuu dukani kuweka rehani, akapewa fedha nyingi kuliko thamani yake. Baadaye alipata habari kwamba ndugu wa mtu mmoja wa dukani humo alikuwa mwanafunzi wake.

Mwaka huo huo wa 1922 alitoa kitabu chake cha kwanza juu ya karate. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliangusha Tokyo na Yokohama, watu zaidi ya 100,000 wakafa, na vibao vya kuchapishia kitabu chake vikateketea. Baadhi ya wanafunzi wake hawakuonekana tena. Ukumbi wa bweni ulipoharibika, bingwa wa upanga Hakudo Nakayama alimwazima ukumbi wake kwa saa ambazo watu wake hawakuutumia. Mwaka 1924 Chuo Kikuu cha Keio kilianzisha chama cha karate chini yake, na vyuo vingine vikafuata. Mwaka huo pia alitoa kwa mara ya kwanza daraja za mkanda mweusi, desturi aliyoichukua kwa Kano pamoja na vazi jeupe la mazoezi. Mkanda mweusi ambao vijana hudhani umetoka zama za kale una umri wa miaka mia tu katika karate.

DESTURI ZA DOJO

Mahali pa mazoezi huitwa dojo, maana yake mahali pa kuifuata Njia. Mwanafunzi huvua viatu mlangoni na kuinama kabla hajakanyaga sakafu. Darasa hujipanga kwa ukuu, wa daraja la juu upande mmoja, wageni upande wa pili. Wote hupiga magoti na kukalia visigino, mgongo wima, macho yamefumbwa kwa kitambo ili mawazo ya njiani yatulie. Kisha huinama kwa heshima, na mazoezi huanza. Yakiisha, huinama tena. Sakafu hupigwa deki na wanafunzi wenyewe, wakikimbia wameinama na vitambaa vya maji. Funakoshi aliyefagia bweni hakuona kazi hiyo kuwa ya kumshusha mtu.

Heshima hiyo si adabu ya juu juu tu. Watu wawili wanaorushiana ngumi zinazoweza kuvunja taya wanahitaji kitu cha kuwazuia wasiwe maadui. Kuinama kabla na baada ni ahadi ya kila mmoja kwamba mwili wa mwenzake ni amana mikononi mwake. Katika kanuni 20 alizowaachia wanafunzi wake, Funakoshi aliiweka heshima mwanzo kabisa, na mara baada yake akaweka katazo la kuanza kushambulia. Alifundisha pia kwamba karate haiishii mlangoni mwa dojo, na kwamba mtu ajitambue yeye kabla ya kutaka kumtambua adui.

JINA JIPYA NA MITINDO MINGI

Zamani neno karate liliandikwa kwa alama zenye maana ya mkono wa Kichina. Funakoshi alipendelea alama nyingine, ambayo nayo husomwa kara lakini maana yake ni tupu, na kitabu chake cha mwaka 1935 kilieneza uandishi huo. Mkono ni mtupu wa silaha, na moyo nao uwe mtupu wa choyo na hila. Pia nyakati zilikuwa nyakati za Japani kujikweza na kuelekea vitani na China, na jina lenye China ndani yake lisingepokelewa kwa urahisi. Yote mawili ni kweli. Alibadili pia majina ya kata: Pinan zikawa Heian, Naihanchi zikawa Tekki. Wazee wengine wa Okinawa walinung'unika.

Aliyemdharau waziwazi alikuwa Choki Motobu, mpiganaji hodari aliyejulikana kwa ugomvi halisi, ambaye aliona Funakoshi ni mtu wa kata nzuri tu. Mwaka 1925 gazeti moja lilisimulia jinsi Motobu alivyomwangusha mpiga ngumi wa kigeni, lakini picha zilizochorwa zilikuwa za Funakoshi. Kosa hilo halikupunguza uhasama.

Walimu wengine walifuata kutoka Okinawa. Chojun Miyagi alianzisha Goju-ryu, maarufu kwa kusimama kufupi, vidole vya miguu vikielekea ndani, na pumzi nzito. Kenwa Mabuni alianzisha Shito-ryu yenye kata nyingi. Hironori Otsuka, mwanafunzi wa Funakoshi mwenyewe, aliondoka akaanzisha Wado-ryu. Funakoshi hakupenda ugawanyo huo. Kwake karate ilikuwa moja. Hata jina Shotokan hakulitoa yeye kuwa mtindo. Shoto, yaani mawimbi ya misonobari, lilikuwa jina lake la utunzi wa mashairi, kwa kukumbuka upepo uliovuma katika misonobari ya kwao. Wanafunzi walipochanga fedha na kumjengea dojo mwishoni mwa miaka ya 1930, waliliita Shotokan, nyumba ya Shoto. Humo mwanawe wa tatu, Yoshitaka, alizishusha na kuzirefusha namna za kusimama, na ndizo zitambulishazo Shotokan mpaka leo.

VITA VILIPOKUJA

Dojo hilo halikudumu. Vijana waliitwa jeshini kwa makundi. Walifika kumuaga mzee wakainama, na wengi wao hawakurudi. Karate iliwafaa nini mbele ya mizinga? Mwaka 1945 mabomu ya ndege yaliiteketeza Shotokan. Mwaka huo huo Yoshitaka alikufa kwa kifua kikuu kabla hajafika miaka 40. Okinawa iligeuzwa uwanja wa vita kuanzia Aprili mpaka Juni, raia wakafa kwa makumi ya maelfu, na jumba la kifalme la Shuri likabomolewa. Mkewe alikuwa miongoni mwa wakimbizi waliofika Kyushu. Huko, katika Oita, wazee hao wawili walikutana tena, wakaishi kwa shida mpaka mama yule alipofariki mwaka 1947. Funakoshi akarudi Tokyo peke yake na majivu ya mkewe.

Ni katika miaka hiyo ya njaa ambapo jambo dogo lilitokea. Usiku mmoja mzee, mwenye karibu miaka 80, alikuwa akirudi kutoka mkutano wa washairi, mkononi mwavuli na kisanduku kitupu cha chakula. Mtu mmoja aliruka kutoka gizani, akaunyakua mwavuli na kuuinua ampige nao kichwani. Mzee aliinama chini ya pigo, akamshika mahali ambapo hakuna mwanamume awezaye kustahimili. Mtu yule akasimama kama amegandishwa. Kwa bahati polisi wa doria alikuwa akipita, na Funakoshi akamkabidhi.

Mtu mwingine angalirudi nyumbani akisimulia ushindi. Funakoshi alirudi na aibu. Mshambuliaji, alivyomwona, alikuwa askari aliyerudi juzi kutoka vitani, hana kazi, ana njaa. Mzee alijiona ametenda kile alichowakataza wanafunzi wake: ametumia mkono wake kumdhuru mtu. Aliyaandika hayo mwenyewe kabla ya kufa, bila kujitetea.

Sisi hatusemi kwamba alikosea. Sheria yoyote ingemwachilia, na polisi yule hakumlaumu. Lakini ndiyo maana twakisimulia kisa hiki katika ukurasa huu. Alipokuwa kijana, katika njia ya msitu, alitoa maandazi na walimu wake wakamsifu. Alipokuwa mzee alijilinda, naye akajihukumu. Kipimo alichojiwekea hakikulegea kwa sababu ya uzee, wala kwa sababu haki ilikuwa upande wake.

BURIANI YA MZEE

Mwaka 1949 wanafunzi wake waliunda chama cha karate cha Japani wakamfanya mkuu wa heshima. Miaka ya 1950 jeshi la anga la Marekani lilianza kuwaleta watu wake Japani kujifunza judo na karate, na wanafunzi wa Funakoshi walikuwa miongoni mwa walimu wao. Askari walioushinda mji wake walikaa chini kujifunza kuinama.

Alifariki tarehe 26 Aprili 1957, mwenye miaka 88. Wanafunzi wake waligombana hata juu ya mazishi yake, wakagawanyika makundi mawili, na mwaka huo huo kundi moja likafanya mashindano ya kwanza ya taifa, jambo ambalo mzee hakulipenda. Leo mamilioni ya watu ulimwenguni huvaa vazi jeupe. Wengine hutafuta medali, wengine afya, wengine ulinzi wa nafsi zao.

Kwa askari swali ni jingine. Raia akijua karate, aweza kukaa na ujuzi wake nyumbani. Askari huenda nao sokoni, barabarani, kizuizini, mlangoni pa nyumba ya watu usiku wa manane, tena amevaa sare ya serikali na pengine ana bunduki begani. Mbele yake husimama mlevi, au kijana mwenye njaa, au mtu mwenye ulimi mchafu. Hapo hakuna Itosu wala Azato wa kumsifu akijizuia, na mara nyingi hakuna shahidi.

Wahenga wetu walisema mwenye nguvu mpishe. Funakoshi aliishi kana kwamba mwenye nguvu ndiye wa kupisha kwanza. Askari atakayemaliza zamu yake bila kuunyanyua mkono, na nyumba zote za mtaa wake zikalala salama, ameelewa mafundisho ya mzee huyo, hata kama hajavaa mkanda wowote.